Ngozi ya Pongo kwenye Baiskeli

Gairo, 14 Machi 1910

Kwa mjomba wangu, Mzee Pazi, Kinole

Shikamoo, mjomba. Mimi mzima, isipokuwa sehemu moja ya mwili ambayo nitaitaja baadaye kwa adabu. Hali yako wewe? Kile kikohozi cha mwaka jana kilikwisha? Nisalimie mama yangu Mwanaasha, mwambie kanzu aliyonishonea naivaa kila Ijumaa, na watu wananiuliza fundi ni nani. Huku Gairo karanga zimestawi na soko limejaa.

Habari kubwa ni hii. Bwana wangu, yule Mzungu mpima ardhi, amenipa baiskeli ya kufanyia kazi! Wajua kazi yangu ni kupeleka barua zake na ramani zake kutoka kambini hapa hadi kituo cha reli Kilosa. Zamani nilikwenda kwa miguu mpaka kucha zikang'oka. Sasa natoka alfajiri, nalala njiani mara moja, na kesho yake adhuhuri nimefika. Wanawake wanaacha mitungi kisimani kuja kunitazama. Mjomba, upepo ule usoni, we acha tu!

Lakini tandiko lake, nisamehe, ni adui wa binadamu. Ni ngozi iliyokauka ikawa ubao, nyembamba kama kiganja, na mbele ina pua iliyoinuka. Safari ya kwanza nilirudi nimechubuka. Ya pili nilirudi na malengelenge. Sasa nakula nimesimama.

Kuhusu lile uliloniandikia, kwamba nirudi nyumbani ili siku moja nirithi kigoda chako, jibu langu ni hapana, mjomba. Najua wewe ndiye mndewa, mkuu wa ukoo wetu na mgawaji wa mashamba, na najua warithi ni sisi watoto wa dada zako. Lakini siko peke yangu. Yupo Hatibu, mtoto wa marehemu mama mkubwa Hidaya, yuko hapo hapo na anakitaka. Mpe yeye. Mimi nimezoea barabara.

Ni mimi mpwa wako, Mikidadi

*

Kinole, 20 Aprili 1910

Mpwa wangu Mikidadi,

Marahaba. Sisi wazima. Mvua inanyesha mpaka migomba imechoka. Mama yako anakusalimu. Anayeandika ni Mwalimu Ahmadi wa madrasa, kwa kuwa mimi na kalamu hatujawahi kupatana, na nimemwambia aandike ninavyosema, asinipake sukari.

Lahaula! Chuma, Mikidadi? Katikati ya miguu? Na unakwenda nacho mpaka Kilosa? Nilimwambia Ahmadi arudie kusoma, nikidhani amekosea. Mama yako alikaa chini. Akauliza neno moja tu: mtoto huyu hajaoa, wajukuu atanizalia kwa kutumia nini? Ahmadi hakutaka kuandika hili. Nimemlazimisha.

Sasa sikiliza. Hilo dude sijaliona, lakini punda nimempanda mpaka Bagamoyo. Anayekaa juu mno kiuno humyumba, na kinachoyumba ndicho kinachochubuka. Lishushe. Na hiyo pua iinamishe kidogo, isikuchungulie. Na ukiumwa sema mapema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi kikohozi sina.

Unasema nimpe Hatibu. Masalale! Hujui kitu wewe. Hatibu amepata rafiki, Mzungu wa shamba la mpira kule chini, na amekwisha kumwahidi lile bonde letu la mtoni. Bonde alilolima bibi yako, na mama yako yumo humo mpaka leo na jembe lake. Hatibu anangoja mimi nifumbe macho, akikalie kigoda, aligawe. Mama yako atalima wapi, juu ya mawe? Nijibu hilo, uache kunieleza habari za upepo.

Mjomba wako, Pazi

*

Gairo, 29 Mei 1910

Mjomba wangu, shikamoo.

Barua yako ilichelewa, Fransisko, yule muuza kabichi wa huko kwetu, aliishusha Morogoro pamoja na kabichi zake, ikangoja treni huko wiki nzima. Nimefurahi mko salama. Mama umtoe wasiwasi, kila kitu kipo mahali pake.

Niliposoma habari za Hatibu nilishtuka mno. Bonde la mtoni! Sikulala vizuri. Lakini mjomba, nifanyeje? Mimi ni mtu wa mshahara wa watu. Zungumza naye, ni damu yetu.

Nilishusha tandiko kama ulivyosema, magoti yakaanza kulia. Nikalipandisha nusu, nikainamisha pua, na kiuno kweli kikatulia, ahsante. Lakini makalio bado. Basi nikanunua mto wa sufi. Mjomba, kutoka kambini hadi mlima wa kwanza niliimba! Baada ya hapo sufi yote ikakimbilia pembeni, mifupa ikakutana na ubao ule ule, na mto nao ukaanza kunisugua mapaja. Nikautupa. Nikapata ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. Siku ya kwanza raha, siku ya pili joto, siku ya tatu upele. Mtu mmoja sokoni akaniambia paka mafuta ya nyonyo juu ya tandiko. Nikapaka. Nikateleza mbele nikakutana na bomba la chuma. Sitaeleza zaidi.

Sasa Bwana amekasirika. Nimechelewa Kilosa mara mbili kwa kushuka na kukokota. Amesema nikichelewa tena baiskeli atampa mwingine, na mimi nirudi kwetu. Nimehangaika, mjomba. Nikikosa kazi hii nitakuwa nani?

Ni mimi, Mikidadi

*

Kinole, 2 Julai 1910

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku baridi imeingia, mama yako amevuna maharage, na Mungu anashukuriwa.

Nilipokuwa nikisomewa habari ya mafuta ya nyonyo, Ahmadi alishindwa kuendelea kwa kucheka, nami nikamgombeza, kisha nikacheka mwenyewe mpaka wakaja kunishika. Pole, mwanangu. Tandiko laini si dawa, nani alikwambia? Godoro laini humchosha hata mgonjwa. Mtu anataka kitu kinachojua mwili wake, kilichokwisha kukaliwa kikalainika kwa kukaliwa, si kwa kupakwa.

Basi Fransisko anakuletea ngozi. Ni ya pongo wa msituni wetu, ya zamani, haina unyoya, imekuwa nyeusi kwa ukongwe. Ishone juu ya tandiko lako, pindo ziende chini, lakini usiikate. Nimesema usiikate. Siku ya kwanza ya kuikalia oga vizuri, utaje jina la mama yako na la bibi yako, ndipo upande. Na asiikalie mtu mwingine. Hata rafiki. Hata kwa mzaha.

Usiniulize sababu. Mtoto akipewa na mjomba wake hupokea kwa mikono miwili. Ukishaikalia niandikie, niandikie kwa maneno yako mwenyewe kwamba umeikalia.

Hatibu sikuzungumza naye. Alikuja yeye, na viatu vipya.

Mjomba wako, Pazi

*

Gairo, 15 Agosti 1910

Mjomba wangu mpenzi, shikamoo sana.

Ngozi imefika, nami nimeipokea kwa mikono miwili kama ulivyosema. Niliishona siku ile ile, sikuikata, nikaoga, nikataja majina. Mjomba, sina la kusema! Aliyeikalia ngozi hii halalamiki. Huenda mbali na kurudi akitabasamu. Hata Bwana mwenyewe ameisifu kwa lugha yake, na kila apitaye huigusa. Mimi na kazi yangu sasa hatuna ugomvi, sichelewi tena.

Umetaka niandike, basi naandika: nimeikalia, na raha yake nimeiona.

Ramadhani inakaribia, tuombeane. Mama asalimiwe. Mbona barua zako siku hizi fupi? Na Fransisko alimwambia mtu kwamba hakukuona nje alipochukua mzigo, alipewa na mama. Uko salama kweli?

Mpwa wako mwenye shukrani, Mikidadi

*

Kinole, 12 Oktoba 1910

Mikidadi, mwanangu,

Marahaba, na Idi njema iliyopita. Mama yako alipika pilau akakuwekea sahani, kisha akaila mwenyewe kwa ajili yako. Mimi nje natoka nikitaka. Fransisko aangalie kabichi zake.

Leo nina furaha, na leo nitakwambia. Kaa kwanza.

Baada ya Idi Hatibu alikuja na yule Mzungu wa mpira, na vigingi. Wakapiga viwili mtoni, ndani ya maharage ya mama yako! Mama yako aliving'oa mbele yao, akavitia jikoni. Nikawaita wazee wa ukoo hapa nilipo. Hatibu akasimama na viatu vyake akasema: mjomba amezeeka, mrithi wa kigoda hayupo, niliyepo ni mimi. Nikamwacha amalize. Kisha nikasema: mrithi yupo, na amekwisha kukaa.

Mwanangu, ile ngozi ndiyo ngozi ya kigoda. Niliitoa kigodani kwa mkono wangu, na tangu siku ile nakalia mti mtupu. Mila yetu waijua au hukuwahi kuisikiliza: mndewa akitoa ngozi yu hai, kwa ridhaa yake, na mtoto wa dada yake akaikalia, mambo yamekwisha. Hakuna wa kumwondoa, hata wafu hawamwondoi. Ahmadi akawasomea barua yako, "nimeikalia, na raha yake nimeiona." Wazee wakapiga makofi. Hatibu alikuwa kama aliyemwagiwa maji.

Najua utakasirika. Kasirika. Ulikuwa hutaki kuja kwenye kigoda, nami nikakuletea kigoda chini yako. Ng'ombe haelemewi na nunduye. Mwaka mpya Mzungu wa mpira atarudi na mkalimani wa boma kuuliza mwenye bonde ni nani. Utakuja siku hiyo na ngozi yako, ukae watu wakuone. Baada ya hapo tutajua.

Mjomba wako, Pazi

*

Gairo, 3 Novemba 1910

Mjomba,

Shikamoo. Sina nguvu ya kuuliza habari za mazao.

Ya Rabi! Umenifanya nini? Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama sokoni, nikaangusha karanga za mtu. Ngozi ya kigoda! Umeipeleka ngozi ya kigoda Gairo, ikafungwa kwa kamba pamoja na kabichi? Ulinipenda namna gani wewe, hata ukanitega kama kanga? Ungeniambia! Neno moja tu ungeniambia, na haya nitakayosema yasingetokea.

Mjomba, kaa na wewe. Mwambie Ahmadi asome polepole.

Sijaikalia ngozi ile. Hata siku moja.

Niliishona kweli. Nilioga kweli, nikataja majina, nikatoka nimejifuta maji, mguu mmoja tayari juu ya pedeli. Bwana akatokea hemani. Naye ana baiskeli yake, naye makalio yamemchubuka, Wazungu hawasemi lakini nilikuwa namwona anavyoshuka. Akaigusa ngozi, akaikalia pale pale, akazunguka kambi mara tatu, akarudi anacheka. Akafungua kwa spana, akahamishia tandiko kwenye baiskeli yake. Akanipa tandiko lake lenye springi, linalolia kila jiwe, akanipiga bega na kusema tumebadilishana. Ningesema nini? Wewe ulikuwa umekataza hata rafiki asiikalie. Niliona haya kukuandikia kwamba zawadi yako nilinyang'anywa kabla haijapata joto langu. Nikasema acha mzee afurahi, uongo wa kumfurahisha mtu mzima si dhambi kubwa. Soma tena barua yangu, nilisema aliyeikalia halalamiki, hurudi akitabasamu. Nilikuwa nikimsema yeye. Neno lile la mwisho tu ndilo nililokudanganya waziwazi.

Basi tangu Agosti aliyeikalia ngozi ya ukoo wetu ni Mzungu mpima ardhi. Ameikalia kila siku, mashamba ya watu yote anayapima akiwa juu yake.

Na bado. Kazi yake imekwisha. Mwezi ujao anapanda treni Kilosa, kisha meli, anarudi Ulaya, na baiskeli yake anaondoka nayo. Mjomba, niambie la kufanya. 

Mikidadi

*

Kinole, 16 Novemba 1910

Mikidadi,

Ahmadi alipofika pale ulipoandika hujaikalia, aliishusha barua. Nikamwambia soma. Akasema macho yamemwishia. Nikamwambia soma! Akasoma.

Subhanallahi. Subhanallahi. Mzungu.

 Mama yako alicheka. Ndiyo, alicheka mpaka akashika ukuta, kisha akakaa mlangoni akalia. Akasema, kaka yangu na mwanangu, mmoja kaficha hiki, mwingine kaficha kile, na katikati kapita mgeni kakaa.

Mimi ndiye niliyeitoa, wewe ndiye uliyeiachia. Tuache kulaumiana, hatuna muda huo. Jambo hili tunalijua watatu hapa na wewe wa nne. Hatibu akilisikia atasema kigoda hakina mtu, au atasema kina mtu na mtu huyo ni Mzungu, na wa mpira atachekea pembeni. Ngozi ikipanda meli, bonde limekwenda nayo, na mama yako na jembe lake.

Iombe kwa heshima. Akikataa iombe tena. Akikataa tena, mimi sijui. Wewe una akili za barabarani, mimi nina za mlimani. Ila ngozi irudi Kinole kabla ya mwaka mpya, na irudi na wewe.

Pazi

*

Morogoro, 22 Desemba 1910

Mjomba wangu, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa nimelala kifudifudi, ndiyo maana mwandiko umepinda. Niko Morogoro, nyumbani kwa Agustino, aliyekuwa mpishi wa Bwana. Ngozi iko hapa. Nimeanza na hilo ili upumue.

Niliiomba kwa heshima. Nilimwambia Bwana, ngozi hii ni ya mzee wangu, na ni kitu cha ukoo, chukua mshahara wangu wote unirudishie. Akashangaa kweli, akasema kitu cha ukoo mbona kilikuwa juu ya baiskeli?  Akasema tumebadilishana, biashara ni biashara, na sasa ndiyo inampendeza zaidi, ataitundika ukutani kwake Ulaya awaonyeshe wageni. Niliomba tena njiani. Niliomba tena Kilosa. Akaniambia nikitaja tena atanifunga.

Siku ya treni watu walijaa kituoni, wachukuzi, askari, wanawake wenye vikapu vya mayai. Baiskeli ilikuwa imeegeshwa ukutani ikingoja kupakiwa. Jua la saa nne, kila mtu ananiona. Nikatoa kisu. Mjomba, sijui nilipata wapi moyo ule. Nikakata nyuzi zangu mwenyewe, moja moja, ngozi sikuigusa kwa kisu. Bwana akageuka. Akapiga kelele ambayo sijaisikia tangu nimjue. Askari wakaja mbio. Agustino alikuwa jirani yangu na masanduku ya vyombo, nikamsukumia ngozi, akaizungusha tumboni chini ya kanzu, akapanda gari la nyuma ametulia kama mtu aliyeshiba. Hakuikalia, mjomba. Ameapa kwa msalaba wake kwamba alisimama mpaka Morogoro.

Mimi walinipekua wakakosa. Bwana akaulizwa, akasema apigwe hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Nikalazwa pale pale juu ya gunia, mbele ya watu wa mayai. Treni ikaondoka kabla hawajamaliza, na Bwana hakutazama mwisho wake. Tandiko lake la springi nilimwachia askari.

Kazi sina. Baiskeli sina. Hayo basi. Linaloniua ni hili: nimeleta ngozi, na siwezi kukaa. Si juu ya kigoda, hata juu ya manyoya ya kuku. Damu imegandamana na nguo, Agustino ananibandua kwa maji ya moto. Mganga wa huku anasema mwezi mzima. Mjomba, mkalimani wa boma anakuja mwaka mpya, na wazee wote watataka kuniona nimekaa. Waambie wasogeze siku. Nisubiri nipone, nije mtu mzima.

Mikidadi

*

Kinole, 28 Desemba 1910

Mwanangu,

Ahmadi ameisoma mara moja tu, nami sikutaka ya pili. Wamekupiga. Mtoto wa dada yangu wamempiga juu ya gunia, kwa ngozi niliyompelekea mimi kwa ujanja. Mama yako amekwenda msituni kuchuma majani ya vidonda tangu asubuhi, hakumwambia mtu.

Sasa na mimi nitasema langu. Mimi ni mgonjwa, Mikidadi. Sikutoka nje tangu kabla ya Ramadhani. Kikohozi hakikwisha kamwe, na siku hizi kina damu. Wazee niliwaita hapa nilipo kwa kuwa siwezi kwenda walipo, na kwenye kigoda waliniinua watu wawili. Barua fupi ulizouliza ni pumzi fupi. Nilikuwa sikwambii kwa kuwa nilitaka uje kwa kupenda, usije kwa kunizika.

Mkalimani ametuma neno. Wanakuja Ijumaa ya kwanza ya Januari, na siku hazisogezwi na mtu wa kwetu. Na mimi mwezi mzima sina. Hatibu anajua, kila asubuhi anakuja kuniamkia na kunitazama kifuani.

Unasema huwezi kukaa. Mlima haupandwi kwa kukaa, mwanangu, unapandwa kwa miguu, na miguu hawakukupiga. Njoo hivyo hivyo.

Mjomba wako, Pazi

*

Morogoro, 2 Januari 1911

Mjomba wangu, shikamoo.

Fransisko amemaliza kuuza, anapanda leo, na barua hii itakufikia kabla yangu kwa kuwa yeye anatembea kama mtu na mimi natembea kama bata. Natoka kesho alfajiri. Agustino ananisindikiza, ngozi nimeivaa mimi mwenyewe mgongoni.

Kwa nini hukuniambia? Nimelia, sikufichi. Nimelia nikiwa kifudifudi, mbele ya mke wa Agustino, nikiwa na miaka hii yangu.

Ijumaa nitakaa. Waambie watandike ngozi juu ya kigoda mahali utakapoweza kuniona kutoka kitandani. Nitakaa mbele ya Hatibu na mkalimani na huyo wa mpira, na sitainuka mpaka vigingi vyao viondoke bondeni, hata kama ni mpaka usiku, hata kama damu itapita kwenye kanzu ya mama. Uso hautakunjika. Wakiona machozi, waambie ni moshi wa jikoni.

Nawe utakuwepo. Nasema utakuwepo, mjomba. Usife kabla sijakaa.

Mikidadi